Sulufaiga, Aliyeiacha Mvua ya Kwanza Ipite

Ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri kwa meli kutoka visiwa vingine, asanteni kwa kuja kumsindikiza dada yetu.

Sulufaiga alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kisiwani Nukufetau, mtoto wa tatu wa Mzee Teagai na Bi Falesene. Alisoma shule ya msingi palepale hadi mwaka 1971, akaacha ili amuuguze bibi yetu. Alipenda masomo, lakini hatukumsikia akilalamika.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na Penitala, baharia wa meli za mizigo, wakahamia hapa Funafuti. Mtoto wao wa kwanza, Lipine, alifariki tarehe 6 Februari 1983 kwa kuhara, akiwa na umri wa miaka miwili. Jua lilikuwa limewaka muda mrefu, mvua ikaja ghafla, na kwa furaha bomba linaloteremsha maji ya paa likaachwa ndani ya tangi. Vumbi na vinyesi vya ndege vikaingia pamoja na maji. Dada hakuuliza ni nani aliyeliacha, wala hakuruhusu mtu mwingine aulize.

Tangu siku hiyo, baada ya kila kiangazi, mvua ya kwanza aliiacha ilisafishe paa na kumwagika chini.

Kuanzia mwaka 1986 hadi 2014 alifua mashuka katika nyumba ya wageni. Alifulia maji ya kisima, yenye chumvi, akasuuzia ya mvua. Nyumbani, maji ya kuoshea pulaka, magimbi yetu ya shimoni, yalikwenda kwa nguruwe. Watoto walioga baharini, kisha kila mmoja akajisuuza kwa kopo moja. Aliyeomba la pili aliambiwa, "Kaombe kwa mawingu, mwanangu."

Katika ukame wa mwaka 2011, tangi lilikuwa limebaki na maji ya kufika magotini, na mjukuu wake Malosi ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alasiri moja mvua ikaanza. Dada akakimbia kulichomoa bomba.

"Mama Siose, lirudishe!" alipiga kelele Penitala. "Unamnywesha nani, kaa wa mchangani?"

"Acha paa linawe kwanza."

"Paa linawe? Mimi mwenyewe sijanawa tangu Jumapili!"

Jirani yetu Temukisa, ambaye beseni na sufuria zake zote zilikuwa nje, akacheka. "Jamani, njooni muone! Wanaliogesha paa, wenyewe wananuka!"

"Afadhali tunuke, shoga, tukiwa hai," dada alijibu.

Mvua ikakatika kabla paa halijatakata. Hakuna tone lililoingia tangini. Penitala alikaa kizingitini, na dada akaingia ndani akalia. Kwa karibu wiki mbili walipanga foleni ya maji ya mgawo. Fungu lake alimpa Malosi, yeye akanywa madafu, nayo yalikuwa machache. Midomo ilimpasuka. Mvua kubwa ilipokuja, Penitala mwenyewe ndiye aliyelishikilia bomba nje, akaloa chapachapa, akimtazama mkewe hadi mke alipoitikia kwa kichwa.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na kisukari, kisha figo zikadhoofika. Mwezi Juni mwaka huu alilazwa. Binti yake Alieta alipompa maji, alikunywa nusu, akamsogezea kikombe.

"Malizia, mama. Ni yako yote."

"Na wewe umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Nionyeshe."

Alieta akanywa mbele yake, ndipo naye akamalizia. Alifariki tarehe 9 Julai 2023, alfajiri, Penitala akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Penitala. Watoto watatu, Taukave, Siose na Alieta. Wajukuu saba, Malosi akiwa mkubwa wao. Na sisi wadogo zake wawili. Baada ya Lipine, nyumba yake haikuzika mtoto mwingine. Wote aliowalea wamesimama hapa leo, wazima, kando ya kaburi lake.

Mungu amlaze pema dada yetu. Amechoka, apumzike.