Mama Innocent Anaaga Chumba cha Sauti

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Coletha Mayala, ambaye wote tunamwita Mama Innocent, anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu hapa Shinyanga kwa miaka thelathini na miwili. Alipoajiriwa, chuo kikuu hiki kilikuwa bado chuo cha ualimu. Kile tunachokiita leo Makusanyo Maalumu kilikuwa kabati moja la picha za zamani, na ufunguo wake ulikuwa umepotea.

Mama Innocent ni mzaliwa wa Ushirombo, binti wa wakulima. Alianza kazi kama mpiga chapa, akapelekwa pwani kusomea ukutubi, akarudi na wazo ambalo wengi waliliona la ajabu: kwamba maktaba ihifadhi pia sauti za watu. Yeye na mwenzake Pantaleo walibeba redio kaseti kwa basi na kwa baiskeli, wakazunguka Bukombe, Mwadui na vijiji vya Geita. Ndiyo maana leo tunao wachimbaji, wakunga, makatekista na wafua chuma wakisimulia maisha yao kwa Kisukuma, Kisumbwa na Kizinza. Picha za vibarua wa zamani wa Mwadui nazo alizitembeza hadi sokoni Kambarage, akawauliza wazee, "Huyu mnamjua?" Nyuso nyingi zilipata majina kwa njia hiyo. Siku moja bibi mmoja alimtambua mume wake, akaondoka na picha kwapani, na Mama Innocent akalazimika kumfuata hadi nyumbani kumbembeleza aiachie walau ipigwe nakala.

Wanafunzi watamkumbuka kwa karanga. Hakuna aliyewahi kuingia na karanga mfukoni asijulikane. Alikuwa akizipokea mlangoni kwa heshima zote, na ukitoka unazikuta zimepungua.

Pantaleo alihamishiwa Dodoma, na nafasi yake haikujazwa tena. Kwa muda mrefu Mama Innocent aliendelea kuagiza chapati mbili kila asubuhi, kisha ya pili anampelekea mlinzi. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi na mlango hufungwa daima kwa sababu ya vumbi. Ukipita unamsikia, "Ee," "Kumbe!" "Pole sana, mama," ukadhani ana mgeni. Ukifungua, yuko peke yake, anaitikia kaseti.

Kisha akafiwa na mumewe, Selestine, aliyekuwa fundi wa kuchomelea Mwadui. Tulimzika, tukakaa matanga, naye akarudi kazini mapema kuliko tulivyotarajia. Nyumbani Kambarage hakukuwa na mtu. Mwanawe Innocent alikuwa ameshapata kazi ya udereva mgodini Geita, na likizo zake ni fupi.

Kisa ambacho sitakisahau ni cha Mzee Luka. Alikuja wakati wa kiangazi kutoka upande wa Geita, mkulima mrefu aliyevaa koti zito. Kijiji chao kilikuwa kimehamishwa kupisha mgodi, na mke wake Lusia, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa amefariki baada ya kuhama. Mzee alikumbuka kwamba zamani Mama Innocent alimrekodi Lusia akieleza namna ya kuchoma vyungu. Alitaka kumsikia.

Kwa bahati mbaya mashine yetu ya mwisho ya kaseti ilikuwa imekufa. Mama Innocent hakumwambia mzee arudi siku nyingine. Alimpeleka nyumbani kwake, akamwandalia chakula, akapanda basi hadi Kahama kwa fundi mmoja wa Nyasubi, na jioni akarudi na mashine mapajani ikiwa nzima.

Kesho yake asubuhi nilikuwapo, nimekwenda kuazima stepla. Mzee Luka alivaa hedifoni akasikiliza bila kutikisika. Kaseti ilipokwisha, alizivua, akaziweka mezani taratibu.

"Ni yeye, baba?" Mama Innocent akauliza.

"Ni yeye kabisa. Hata kikohozi ni chake. Lakini anaongea na wewe, mama. Mimi simo humo."

Mama Innocent akamwambia kwamba anaweza kumtengenezea nakala aende nayo.

"Ya nini? Nyumbani nitakuwa nasikiliza wageni wawili wakiongea." Akainuka, akashika kofia yake. "Wabeja, asante mama. Umehangaika sana."

Akaondoka mikono mitupu. Mama Innocent alibaki amesimama mlangoni hata mzee alipokwisha kupotea getini.

Baada ya hapo alibadili namna ya kurekodi. Hakuwahoji tena wazee. Aliwaomba wakae na mtu wao, mke, dada au jirani, waongee mambo yao. Anawasha mashine, kisha anatoka nje. Mkusanyo huo, Mazungumzo ya Nyumbani, ndio unaotumiwa zaidi sasa, na familia husafiri kutoka mbali kuja kuusikiliza. Nilimsindikiza mara kadhaa. Mle ndani watu wanataniana na kucheka, naye amekaa kwenye kigoda uani kwa watu, anachambua mawe kwenye mchele wa mwenye nyumba, akingoja wamalize.

Siku moja tukinywa chai nilimuuliza kama anayo sauti ya marehemu Selestine.

"Hata neno moja sina," alisema. "Kila Ijumaa nilikuwa narudi na mashine nyumbani. Naifunika kitambaa isipate vumbi, basi." Akanimiminia chai nyingine, tukaongelea mvua.

Mwezi uliopita tulikutana kupanga sherehe ya kumuaga. Mkuu wetu wa maktaba, Bi. Agatha, alimuuliza angependa zawadi gani: kabati, mabati, au godoro? Mama Innocent anarudi Ushirombo, kwenye nyumba ya wazazi wake ambayo imefungwa tangu mama yake alipofariki.

"Mnipigie simu," alisema.

Bi. Agatha akacheka. "Hilo usihofu! Nani mwingine anajua kila kaseti ilipo?"

"Siyo ya kazi," Mama Innocent akasema. "Mnipigie tu."

Tulimnunulia mabati, maana nyumba inavuja.

Mama Innocent, asante kwa miaka yote hii, kwa uvumilivu wako na hata kwa karanga ulizotupunguzia. Mungu akulinde njiani, akupe afya, na mvua za Ushirombo zikukute umeshaezeka. Tutakupigia, na hatutauliza neno lolote kuhusu kaseti.