Glenys Pascoe na Mchezaji wa Kumi na Tisa

Ijumaa ya tarehe 26 Septemba, Bi. Glenys Pascoe atakabidhi funguo za ofisi ya Ligi ya Vijana ya Bonde la Tarrawill, baada ya kuwatunza makocha wetu wa kujitolea kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu, eti, ndimi niliyemsumbua kuliko wote. Sibishi.

Alianza mwaka 1994 akiwa na meza moja, simu moja, na vilabu sita vyenye watoto wengi kuliko watu wazima wa kuwafundisha. Kazi yake ilikuwa kutafuta akina baba na akina mama wa kufundisha mpira wetu wa Kiaustralia bila malipo, kuwapeleka kozi, kuwapa filimbi, kisha kuwazuia wasikimbie. Hilo la mwisho ndiyo kazi yenyewe. Jumamosi asubuhi, baridi ya huku Gippsland inauma masikio, wazazi wamekaa kwenye magari yao kuuzunguka uwanja. Timu yao ikifunga wanapiga honi, isipofunga wanampigia kelele kocha, ambaye ni fundi bomba wa watu aliyeacha usingizi wake nyumbani. Glenys alikuwa akipita gari hadi gari na chupa ya chai, akigonga vioo.

"Nimesikia una maoni mengi, bwana. Kozi ya ukocha ni Jumanne saa moja jioni. Nimeshakuandikisha."

Jamani, vioo vilivyokuwa vikipandishwa! Hata hivyo makocha kumi na wawili walipatikana kwa njia hiyo, na wawili kati yao bado wanafundisha. Kozi zake zilikuwa fupi na za kuchekesha. Keki yake ya tende, tuseme ukweli maana sasa anastaafu, ilikuwa ngumu. Tuliila yote.

Sasa niseme langu. Mwaka 2014 nilikuwa kocha mpya wa klabu ya Warrabeen, watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Tulifika fainali kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Robo ya mwisho ya mchezo, tunaongoza kwa alama tisa, nikamwingiza binti yangu Bronte uwanjani na nikasahau kumtoa mwenzake. Tukawa na wachezaji kumi na tisa badala ya kumi na wanane. Kapteni wa wapinzani akamkimbilia mwamuzi na kudai tuhesabiwe, kama sheria inavyomruhusu. Watoto wakapangwa mstari, mwamuzi akawahesabu kwa kidole, na alama zetu zikafutwa. Zote! Bronte alisimama wa mwisho kwenye mstari ule, na nadhani alielewa kabla yangu.

Hakuna honi iliyolia. Nilisikia sauti moja tu, ya Kev Drummond, ambaye mwanawe alikuwa benchi: "Si angemwacha bintiye akae tu! Tungekuwa na kombe saa hizi!"

Bronte naye aliisikia. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba filimbi siigusi tena, na mtoto akasema mpira basi. Hakukuwa na mzazi mwingine aliyekuwa tayari kuchukua timu. Bila kocha, Warrabeen ingeondolewa kwenye ligi, na watoto ishirini na wawili wangekaa nyumbani msimu mzima.

Jumatatu alasiri Glenys akanikuta bandani nikikamua. Alikuwa amevaa gambuti. Bila kuulizwa akaanza kuwavisha ng'ombe wangu vikombe vya mashine ya kukamulia, vibaya sana, mpaka nikamwomba aache.

"Ulikuwa na nani pembeni wa kukuhesabia?" akauliza.

"Sikuwa na mtu."

"Basi kosa ni langu. Ilikuwa nikupe msaidizi."

Jumapili iliyofuata, siku ya zawadi, alisimama mbele ya wazazi wote na soseji zao mikononi, akasema maneno yale yale: kocha mgeni aliachwa peke yake, na wa kulaumiwa ni Glenys Pascoe. Watu wakampigia makofi kwa ujasiri wake. Kisha akageuka. "Na wewe Kev, kwa kuwa sauti unayo, kuanzia msimu ujao utakuwa unahesabu." Kev akaiva uso mzima kwa aibu. Bronte akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Nilirudi, na Bronte alicheza miaka sita zaidi. Kev anahesabu mpaka leo, tena kwa sauti. Siku hizi hakuna kocha wa mwaka wa kwanza anayesimama peke yake katika bonde hili, na ligi tatu za jirani zimetuiga.

Mwezi uliopita nilimsaidia Glenys kufungasha ofisi. Ndani ya faili la 2014 nikakuta fomu yangu ya ukocha. Swali la saba: je, unahitaji msaidizi? Nilikuwa nimejibu kwa herufi kubwa, "HAPANA, NAWEZA MWENYEWE." Chini yake Glenys aliandika kwa penseli kwamba alinipigia simu mara mbili kunisihi, na mara zote mbili nilikataa. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye alijua, siku ile bandani, na alijua aliposimama mbele ya watu.

Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akaisoma pole pole.

"Mwandiko wako mbaya, Rod. Hausomeki."

Akaichana vipande vinne na kuendelea kufunga maboksi. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka machozi yakanikauka.

Kwa hiyo, wazazi wa Warrabeen, mlipiga makofi kwa mtu aliyekiri kosa ambalo halikuwa lake. Lilikuwa langu, lote. Naliandika humu kwa kuwa jarida hili la ligi linachapwa nakala mia nne, na hataweza kuzichana zote.

Asante, Glenys. Pumzika vizuri, na Jumamosi zako sasa ziwe zako.

Rod Ciavarella
Kocha, Warrabeen, chini ya miaka 12