Vijiti Viwili, Sahani Moja

Acha kubetua mdomo. Hadithi haijafika popote na tayari unaona imetiwa chumvi. Kama huamini kwamba wanaume wazima watatu walikaa asubuhi nzima wakigeuzageuza vijiti vya mate, nenda kwa wanaodanganya kwa sauti nzuri. Benchi lenyewe liko mlangoni pa Bibi Birika, anayeuza kahawa hapo tangu magoti yake yalipokuwa bado yanakunjika. Siku ile hakuuza kwa raha. Seremala alifika hajaoga, akaweka benchini sahani yenye vichupa viwili, kila kichupa na kijiti chake, kisha akawa hakai wala hasimami.

Kisa kilikuwa hiki. Yeye na mchumba wake, binti anayeshona sare za shule, walibakiza siku tisa wafunge ndoa. Wakanunua vipimo vya ukimwi vya kujipimia nyumbani. Asubuhi hiyo, kabla ya chai, kila mmoja akajipangusa ufizi, akatumbukiza kijiti kichupani, wakaviweka kwenye sahani moja, wakatoka nje kwa sababu chumbani hapakukalika. Waliporudi, kijiti kimoja kilikuwa na mstari mmoja, cha pili miwili. Na hakuna aliyekuwa ameweka alama.

Profesa, mlinzi wa geti la shule anayesoma hata gazeti lililofungiwa sabuni, alihukumu kwanza. Mate ya mwanamume ni mazito, kwa hiyo kijiti kilichozama zaidi ndicho cha Seremala. Vilikuwa vimezama sawasawa. Betri, fundi simu, akaleta lenzi yake kutafuta alama za meno. Hakuona, akageuza hoja: Seremala anavuta harufu ya vanishi kutwa, basi mstari mmoja ni wa mate, wa pili ni wa vanishi.

— Kwa hiyo huenda hata si ugonjwa, alisema Seremala.

— Au mmeshakuwa mwili mmoja, alisema Profesa. Kipimo kimewahesabu wote wawili.

Bibi Birika aliishia darasa la saba, lakini herufi hazijamkimbia. Aliichukua karatasi ya maelezo iliyokuwa imekunjwa chini ya sahani, akaisogeza mbali na macho, akawasomea: mistari miwili, nenda kliniki ukapimwe tena kwa damu. Akamwambia Seremala waende wote wawili, wamalize. Profesa akasema karatasi hizo huandikwa na wauzaji. Seremala akaomba kahawa nyingine, kikombe cha tano.

Hapo akafika mama mmoja kufuata simu yake kwa Betri. Alisimama akisikiliza, mkoba kwapani, mpaka walipofika kwenye hoja kwamba kijiti cha mwanamke lazima kinukie mafuta ya midomo.

— Samahanini, alisema. Huyo binti yuko wapi sasa hivi?

Profesa akatazama ndani ya kikombe. Betri akafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

— Nilimwacha amekaa kitandani, alisema Seremala.

— Tangu kabla ya chai?

— Alikuwa kimya tu. Nikaona nitafute kwanza ni cha nani.

— Na ulibeba vyote viwili, alisema Bibi Birika.

Akamwambia Seremala ampigie binti simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Jua lilikuwa limeshafika kwenye miguu ya benchi.

Bibi Birika aliingia ndani akamwagia maji jiko, birika likiwa bado nusu. Akajitanda mtandio, akachukua fimbo yake.

— Mjukuu wangu, tangulia, alimwambia Seremala. Kimbia, mimi nitafika. Ukimkuta usimwambie lolote kuhusu vijiti. Mwambie kliniki mnaenda wawili.

Seremala alikuwa ameshafika kona, kandambili moja imebaki njiani. Profesa akainua kikombe chake kitupu, akauliza, na kahawa je? Bibi akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga kwa kufuli.