Kaka Aliyeomba kwa Kiingereza

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wenzake wa uwanja wa ndege mliokuja na sare zenu, mimi ni dada wa marehemu, ninayemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, sauti ninayo na machozi nayaweza, jambo ambalo tutaliona hapo mbele.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchimba visima na mama mshonaji, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza ndiye aliyepokea mafunzo ya baba yakiwa bado ya moto, hasa lile la kwamba mwanamume haombi, mwanamume hufanya au hukosa. Alilishika somo hilo kuliko masomo yote ya shule ya msingi ya ng'ambo ya reli, aliyoimaliza Novemba 1965, na tangu hapo Kiswahili chake kikawa cha lete, toa, funga mlango, nyamaza. Lugha yetu ina naomba, ina tafadhali, ina hebu nisaidie mwenzangu, lakini kaka aliyaona maneno hayo kama nguo za watu wengine.

Baada ya kubeba matofali kwa miaka kadhaa, tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa uwanja wa ndege, kitengo cha kusukuma abiria wasioweza kutembea, na mwaka 1976 akapelekwa darasa la Kiingereza katika chumba kilichokuwa juu ya stoo ya mizigo, ambako mwalimu mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwaanzishia sura ya kuomba msaada kwa adabu: namna ya kumwomba mtu apishe, namna ya kumwomba ashike mlango, namna ya kumwuliza kama itamsumbua sana kusogeza begi lake, na mtu akikuomba wewe, namna ya kumjibu kwamba utafanya kwa furaha. Sura ilipokwisha mwalimu akahamishwa, hakuletwa mwingine, kwa hiyo kaka yangu aliishi akijua Kiingereza cha kuomba na kukubali tu, hajui kufoka kwa lugha hiyo, wala kukataa. Wenzake walimwita Mzee Pliizi, jina ambalo mimi nilipolisikia wodini kwa mara ya kwanza nilidhani wamekosea kitanda.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na wifi yangu huyu aliyekaa mbele, muuza vitambaa, na wifi anasema alimposa kwa Kiingereza, yeye hakuelewa hata neno moja, akakubali kwa sababu aliona amefunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni. Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1980, 1983, 1985 na 1990, na hao, watundu kama walivyo, waligundua mapema kwamba baba yao ukimwomba kwa Kiingereza hana la kufanya ila kukubali, basi viatu viliombwa kwa Kiingereza, ruhusa ya kwenda kutazama mpira iliombwa kwa Kiingereza, na wifi naye akajifunza sentensi moja, ndiyo maana jikoni kwao kuna dirisha.

Sasa nafika mahali panapouma. Tarehe 11 Januari 2010, yule mtoto wa pili aliacha chuo cha upimaji ardhi akaenda kuwa kinyozi, na kaka akamwambia kwa Kiswahili atoke nyumbani kwake, na siku hiyo hapakuwa na Kiingereza cha kumwokoa mtu, kijana alichukua begi akashuka ngazi. Kwa miaka tisa tulimsihi kaka amwite, akajibu kwamba yeye haombi, tukajua anayesema pale ni marehemu baba, na ukibishana na marehemu hushindi.

Alistaafu Machi 2011. Oktoba 2018 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakakuta moyo umepanuka, na kwa kuwa aliishi ghorofa ya tatu, ilipofika Aprili ngazi zilimshinda kabisa, akawa anakosa kliniki, mabinti zake wakijaribu kumshusha na kurudi naye kutoka ngazi ya nne. Jumapili tarehe 28 Aprili 2019 alikaa kitandani, akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, akasema lete namba, akampigia mwanawe. Alizungumza Kiingereza cha uwanja wa ndege, akitaka radhi kwa kusumbua, akiuliza kama ingewezekana, na kama haitakuwa taabu kubwa, amsaidie kushuka. Kijana, mashine ya kunyolea ikinguruma, alidhani ni kampuni inauza kitu, akakata simu. Sisi tuliokuwa chumbani tuliinamisha vichwa, tukijua mtu wa namna ile harudii. Kaka alifuta kioo cha simu kwa shuka, akapiga tena, akaianza sentensi ile ile toka mwanzo na radhi zake zote, na safari hii tulisikia mashine ikizimwa, kisha mwanawe akamjibu kwa Kiingereza jibu lile alilolisikia kwa baba yake tangu utotoni, kwamba atafanya kwa furaha kubwa. Kaka aliweka simu akalia, nami nikamsaidia.

Kijana alirudi jioni ile ile na begi. Siku za kliniki alimshusha mgongoni, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, akamnyoa ndevu, na kaka, kwa Kiswahili chake cha siku zote, alimfokea kwamba anakata kona kama anasukuma mkokoteni wa mchanga, na wote wawili walikuwa na raha.

Alhamisi tarehe 6 Juni 2019, saa moja asubuhi, wodini alikolazwa, mbele ya wifi, kijana na mimi, alifungua macho akasema naomba maji, mwanangu. Tulitazamana, kwa maana neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikunywa kidogo, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na jirani wa ghorofa ya pili aliyeacha kiti mlangoni ili mgonjwa na mbebaji wake wapumue, na wenzake wa kazini waliotuazima kiti cha magurudumu na ambao, naona, wamekuja kukichukua.

Kaka, katika karatasi hii wameniandikia nimalizie kwa kukuamuru upumzike, nami siwezi, amri tumezisikia za kutosha. Tafadhali, kaka, kama haitakusumbua sana, pumzika kwa amani.