Bomu la Simiyu Pale Zhanxi

Mheshimiwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bi Kauthar. Mashehe na wachungaji mliokaa mbele. Wakubwa wenye makontena bandarini Huangpu. Wageni waalikwa, na nyie mlioitwa na harufu ya biriani: salamu zenu kwa vyeo vyenu.

Kesho ndugu yetu Simiyu anarudi Nairobi moja kwa moja. Nimepewa kumuaga mie, Abdulhadi, maana Guangzhou nzima hakuna mdomo kama huu. Kusoma sikusoma, lakini ile filamu ya zamani ya Kiingereza tuliyoiangalia hapa hapa, nani aliyewatafsiria? Na pale nisipoelewa, si nilitia langu ikanoga zaidi? Mzee kaficha bomu la nyuklia ndani ya sanduku la kinanda, London yote ikahamishwa. Mabarabara matupu, mapazia yanapepea, chai imeachwa mezani inafuka moshi, kama mji unajiota wenyewe. Tukalala nayo machoni.

Asubuhi yake tuko soko la Zhanxi, dukani, usingizi bado haujatutoka. Simiyu kafungua katoni ya viatu, akapiga kelele: "Wee! Hii ni bomu! Bomu kabisa!"

Sasa kwao Nairobi, bomu ni kitu kibovu. Kwetu Unguja, bomu ni la kufa watu. Waswahili wote mbio! Mie sikukimbia, nilitangulia kuwatazamia njia. Nikageuka, na wallahi Zhanxi ikawa London: mikokoteni imesimama, sauti hakuna, vumbi linaelea juani polepole. Ndani ya njozi ile nikamwona mtu mmoja anarudi kule kule kwenye bomu. Nani? Mbarak! Huyu huyu aliyegombana na Simiyu kwa nafasi ya kontena, mwaka mzima hata salamu hawapeani. Kamkamata mkono: "Toka, mjinga wewe! Ukinifia huku nitagombana na nani?"

Simiyu macho kodo: "Buda, ni soli tu imebanduka."

Na laoban, yule mama mwenye duka, anauliza taratibu kwa Kichina chake, "Bu yao?" Yaani, viatu hamvitaki?

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nyie wawili mkaachiana mikono, mkanuna upya. Mbarak, eti ulirudia simu yako. Simu si ilikuwa sikioni, bwana wee? Mtu aliyemfuata mwenzake kwenye bomu, atashindwaje kumfuata hapo meza ya pili? Kontena lile lilishafika zamani, viatu vimevaliwa vikachakaa. Nyie mnangoja nini, na ndege haingoji?

Simiyu, mkono ushautoa, nauona. Usiushushe. Mbarak... naam. Naam! Mpisheni, jamani, vuteni kiti hicho. Bi Kauthar, usilie, utanichekesha.

Hao wawili hawanisikii tena, wala sina neno la kuwazidi. Nyie mlionipa masikio yenu mpaka hapa, asanteni sana. Kaleni.