Kizibao cha Mtu wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani, wenzake marehemu wa kazini, nanyi mliokuja na baiskeli mkaziegemeza nje ya ukuta kama watu wasio na hakika ya kukaribishwa, poleni kwa msiba huu, ambao ni wetu sote. Nasimama hapa kwa niaba ya familia, nikiwa kaka wa mjane, na karatasi hii nimeiandika dada yangu akiwa ameketi ubavuni kwangu, akinikataza kutia chumvi na akinikataza vilevile kuficha, kwa hiyo mtakayoyasikia ndiyo aliyotaka yasikike.

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Baba Pacha, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake, upande wa pili wa reli, akiwa kitinda mimba wa mlinzi wa kivuko cha treni na mama mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba alilazwa kwenye droo ya kabati la nguo, na dada zake hawakuacha kumtania kwa droo hiyo hata alipokuwa na mvi kichwa kizima.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1969 katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza mwaka 1975, kisha akaendelea na sekondari ya wavulana iliyokuwa juu ya kilima, ambako alikuwa akienda kwa baiskeli kuukuu ya baba yake isiyo na breki, akiisimamisha kwa kuburuta mguu, matokeo yake soli ya kiatu cha kulia ikawa inakwisha wakati ya kushoto bado mpya, jambo lililomfanya mama yake aulize kama shuleni kuna somo la kurukaruka kwa mguu mmoja. Alihitimu mwaka 1979, na baada ya hapo akasomea ufundi wa miwani kwa miaka miwili na ushee.

Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa katika karakana ya miwani iliyo nyuma ya hospitali ya macho, chumba chembamba chenye dirisha moja, mashine ya kusagia lenzi, na bomba linalodondosha maji juu ya jiwe siku nzima, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2022. Wenzake watakumbuka kwamba alikuwa akitoka mle ndani na vumbi jeupe kwenye kope, na kwamba hakumkabidhi mteja miwani bila kwanza kuinyanyua kuelekea dirishani na kuitazama kwa muda mrefu, kana kwamba ni yeye atakayeivaa.

Tabia hiyo ya kutazama dirishani aliianza baada ya kukutana na dada yangu, ambaye mwaka 1989 alichukua miwani yake pale karakana, akakaa nayo siku mbili kichwa kikimgonga, kisha akarudi amepandisha hasira, na kumbe marehemu alikuwa ameweka lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Hakubisha wala hakumsingizia mtu, alisema kosa ni langu, dada, kaa nikutengenezee, na dada yangu, aliyekuja na maneno yake tayari kinywani, hakupata pa kuyatolea. Siku ya kuja kujitambulisha nyumbani kwetu alichelewa mno, na alipoingia mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, kwa sababu njiani alikuta muuza maziwa aliyekatikiwa na mnyororo wa baiskeli akasimama kumsaidia. Marehemu baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia mgeni anayechelewa, aliitazama ile mikono, akauliza kama maziwa yalifika, na alipoambiwa yalifika salama akasema basi apewe sabuni na akaribishwe ndani.

Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1991, na tarehe 3 Machi 1994 Mungu akawajalia watoto wawili kwa mkupuo, Pacha Mkubwa, binti, na Pacha Mdogo, wa kiume, ambao wote wako hapa pamoja nasi.

Mwaka 2003 marehemu alijiunga na kundi la waendesha baiskeli wa Jumamosi, linaloongozwa mpaka leo na bwana tunayemwita Kengele, na tangu mwanzo akapewa nafasi ya mtu wa mwisho, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kwenye mlima alikuwa wa mwisho tayari bila kuteuliwa. Kwa wasiojua utaratibu wao, mtu wa mwisho ndiye anayebeba pampu, spana na tyubu ya akiba, naye haruhusiwi kumpita mtu yeyote aliyekwama barabarani bila kumuuliza shida yake, awe wa kundi au asiwe, na akishamtengenezea humtanguliza mbele yake na kumsindikiza mpaka pahali penye watu, maana tairi lililozibwa njiani haliaminiki. Huvaa kizibao cha reflekta cha rangi ya chungwa ambacho hakivaliwi na mwingine, ili kiongozi akigeuka na kukiona ajue kwamba hakuna aliyebaki nyuma, na asihangaike kuhesabu watu.

Dada yangu hakuupenda utaratibu huo, na amenituma niseme hivyo. Kila Jumamosi alifunika chakula cha mumewe kwa sahani, akiapa kwamba wiki ijayo hatafunika, na wiki ijayo akafunika tena. Kuna siku sokoni mwanamke ambaye dada yangu hakumjua alimkumbatia marehemu mbele ya watu, dada yangu akakunja uso mpaka nyumbani, akaja kuelezwa kwamba yule ni mama aliyekutwa mlimani akimpeleka mtoto mgonjwa zahanati kwa baiskeli yenye pancha, na hata baada ya kuelezwa alisema angeweza kushukuru kwa mdomo tu. Hivyo ndivyo walivyoishi, yeye akisimama kwa kila mtu na mkewe akimsubiri, wakizozana kwa upendo, na sisi ndugu zao tukicheka pembeni.

Tarehe 21 Septemba 2024, siku ya Jumamosi, msafara ulitoka asubuhi kuelekea milimani kukiwa na ukungu mzito. Kwenye mteremko mmoja marehemu alimkuta fundi rangi aliyekuwa akienda kazini, amepindua baiskeli yake magurudumu juu, tyubu imepasuka, hana pampu wala kiraka, akampa tyubu yake ya akiba na kumfungia gurudumu. Alipoona mtu yule amevaa nguo nyeusi tupu, na malori ya mchanga yanapita kwa kasi, alivua kile kizibao cha rangi ya chungwa akamvisha, akamwambia atangulie, yeye anafungasha spana na atamfuata nyuma. Alipoinama kufungasha, maumivu ya kifua yakamwangusha kando ya barabara.

Huko mbele, kwenye mgahawa wa njia panda, Kengele alitazama nyuma, akaona rangi ya chungwa ikitokeza kwenye ukungu, akawaambia wenzake watu wametimia, waagize chai. Fundi rangi hakujua maana ya vazi alilovaa, alidhani ni hisani tu, na kwa haya zake akaketi nje kwenye kizingiti akimngoja mzee aje alichukue, huku ndani chai ikinywewa na soga zikipigwa. Alipoona kimya kimezidi aliingia, akauliza amkabidhi nani kizibao cha yule mzee, na hapo ndipo wote walipotambua kwamba mtu wao wa mwisho hayupo. Yeye ndiye aliyegeuza baiskeli kabla wengine hawajainuka vitini, ndiye aliyemkuta, akasimamisha lori la mchanga kwa kujisimamisha mbele yake, na akakaa huko nyuma juu ya mchanga akiwa amempakata kichwa mpaka hospitali.

Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba moyo ulikuwa umeumia sana, na kwamba kuchelewa kule kulichangia, kwa kiasi gani hakuweza kusema. Marehemu aliposimuliwa habari ya kizibao aliangua kicheko mpaka muuguzi akamkaripia, akasema basi kimefanya kazi yake, mtu si amefika. Dada yangu hakucheka. Alimwambia wewe cheka tu, mimi nitabaki na nani, na marehemu akamshika mkono.

Kengele alikuja wodini mara moja, dada yangu akampa kisogo. Fundi rangi alikuja mara nyingi, akisimama koridoni kofia mkononi bila kuthubutu kuingia, mpaka Pacha Mdogo alipomwambia kwa uchungu asirudi tena, naye hakurudi, na kundi la Jumamosi halijatoka barabarani tangu siku ile. Marehemu aliyajua yote hayo. Alimwomba mkewe jambo moja, kwamba watu wale asiwafungie mlango, kwa sababu hakuna aliyemtupa, walimkosa tu, na dada yangu akasema atafikiria. Alimwomba tena jioni nyingine, akaambiwa apumzike, watazungumza kesho, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 29 Oktoba 2024, akaaga dunia. Aliondoka akiwa anasubiri jibu, na dada yangu anasema mbele yenu wote kwamba hilo ndilo linalomkata maini kuliko mengine yote.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na dada zake wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomhudumia kwa subira ingawa aliwatengenezea miwani zao kitandani badala ya kulala, tunawashukuru wenzake wa karakana, tunawashukuru majirani ambao tangu msiba ulipoingia hawajaturuhusu hata kuosha kikombe, na tunamshukuru dereva wa lori la mchanga, ambaye hatujampata tumshike mkono, popote alipo.

Limebaki jambo moja. Jana tulipokuwa tukipanga wabebaji wa jeneza, sisi wanaume wa ukoo tulikwisha kugawana nafasi zote, dada yangu akaingia, akasema zile mbili za mbele ziachwe wazi, na alipoulizwa ni za nani akawataja. Moja ya nafasi hizo ilikuwa ya Pacha Mdogo, na kusema kweli nilidhani atakataa, lakini alimtazama mama yake, akasema yeye atashika nyuma.

Kwa hiyo, Kengele, na wewe fundi rangi uliyesimama kule langoni ukidhani hatukukuona, mwenye msiba anawaita, na amenituma niwaambie kwamba hawaiti kwa shingo upande. Analia, ana hasira bado, na anawaita hivyohivyo. Njooni mbele. Ndugu zangu, wapisheni njia.

Shemeji, mkeo amekujibu, na waliokuja kukubeba ni hawa. Pumzika kwa amani.