Mume Aliyeomba Miadi

Kwenye treni ya jioni, mshauri wa ndoa alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Dada yangu, kutwa nahimiza watu wawahi nyumbani. Leo mteja wa mwisho kaingia, kumbe mume wangu, kaomba miadi kama wengine."

Fundi cherehani aliyeketi naye akashika mbavu. "Enhe?"

"Nikamuuliza shida yake. Akasema, mke wangu simwoni. Nami kwa mazoea nikamjibu, muda wetu umekwisha, uje wiki ijayo."

"Jamani. Naye akaenda?"

"Akashukuru, akaenda. Nilipozinduka, nikafunga ofisi nimkimbilie, nikamkosa."

Treni ikasimama. Mwanamume mwenye shati la bluu lililopigwa pasi akashuka kutoka behewa la mbele.

"Yule pale," mshauri akasema, akatoka mbio.

"Mkoba wako wa kazi!"

"Nitunzie mpaka kesho."